Akram Marjan na Mwanamke wa Waya

Kama uliishi Kibuli miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili na ulijua kusoma Kiswahili, basi ulimsoma Akram Marjan, hata kama hukutaka. Kulikuwa na gazeti dogo la Kiswahili lililotoka kila Jumamosi. Lilisomwa na wafanyabiashara wa Kikongo, Wakenya wa maduka ya jumla, askari waliostaafu na Wanubi wa pale kilimani. Ukurasa wa sita ulikuwa wa Akram. Safu yake iliitwa "Jicho la Mwalimu", kwa sababu alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari, na kwa sababu jina hilo alijichagulia mwenyewe.

Aliandika habari za picha zilizotundikwa mahotelini, sanamu za makanisani, hata mabango ya vinyozi. Aliandika vizuri, hilo tusimnyime. Lakini aliandika kama mtu anayemng'oa adui jino. Kama picha ilikuwa na kasoro moja, aliipata hiyo, akaizungushia wino, akaisahau picha yote iliyobaki. Wasomaji walidhani huo ni ukali wa utaalamu. Utaalamu gani! Ulikuwa wivu, wivu mtupu, na mtu wa kwanza kulijua hilo alikuwa mkewe.

Wivu huo ulikuwa na historia yake. Vita vya 1986 vilipokwisha na Wanubi waliokimbilia Sudan wakaanza kurudi, Akram alirudi akiwa kijana anayetaka jambo moja tu maishani, kuwa mchongaji. Akapata kazi moja ya maana. Shule fulani upande wa Nakawa ilimwomba korongo wa saruji wa kuweka langoni, yule ndege mwenye taji aliyeko kwenye bendera. Akahangaika naye miezi mingi. Masika ya kwanza yakaondoka na mdomo. Ya pili yakaondoka na taji. Ndege akabaki na mwili mnene na shingo nusu, wanafunzi wakamwita Kuku, na kituo cha boda boda kilichoko mbele ya lango lile kikaitwa Kwa Kuku. Akram akisikia mtu anamwambia dereva, "Nipeleke Kwa Kuku," uso wake ulibadilika kama aliyetukaniwa mama.

Hakuchonga tena. Kitu kimoja tu cha mikono yake kilisalimika, kigoda cha mvule alichokichonga mwaka aliooa, kifupi, kipana, chenye miguu mitatu iliyopinda kidogo kwa nje. Aliketi juu yake kila jioni bila kukifikiria.

Mkewe, Kulusum, Mama Zaitun kwa majirani, alikuwa mtu wa maneno machache na ulimi mkali. Alisuka tabaga, zile kawa za rangi rangi ambazo Wanubi hufunikia sinia za chakula, na bibi harusi wa Kibuli aliyeingia kwa mumewe bila tabaga ya Kulusum alijiona hakuolewa sawasawa. Mchana alisuka barazani pamoja na majirani. Jioni alibaki peke yake, na hapo ndipo Akram alipotoka na kikombe cha chai na makala yake ya wiki, akaketi kwenye kigoda, akamsomea.

Hiyo ilikuwa desturi yao ya kila Jumatano tangu safu ilipoanza. Alisoma akiwa ameinamia karatasi, kidole kikifuata mstari, na hakuinua kichwa mpaka nukta ya mwisho. Kisha huuliza, "Unaonaje?" Kulusum hujibu kwa neno moja au mawili. "Ndefu." "Umemwonea." "Hapo mwisho pazuri." Mzee Otim, mhariri wake, askari wa zamani aliyeogopwa na gazeti zima, hakuweza kumtoa Akram hata koma. Lakini kwa neno moja la Kulusum, Akram alifuta aya nzima.

Basi mambo yalikuwa hivyo, mpaka alipokuja Arsène.

Arsène Mugisho alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, kijana mrefu mwenye karakana ya uani kule Kisugu. Alikusanya seng'enge kuukuu na nyaya za shaba zilizotolewa kwenye mota mbovu, akatengenezea sanamu za watu. Siku moja alipita Kibuli, akawaona wanawake wanasuka, akasimama pale njiani akitazama mpaka wakaanza kumcheka. Hakuondoka. Aliwaambia, "Mama, mi nataka kujua vile munazungusha. Mi niko nafanya na waya, lakini yangu inafunguka." Wakamkaribisha kwa mzaha, yeye akakaa kweli. Wiki baada ya wiki, mwanamume mzima alijipanga na wanawake barazani, mapajani amejaza ukindu, akijifunza jinsi fungu la majani linavyozungushwa juu ya lenyewe na kushonwa kwa sindano, duara juu ya duara.

Akitoka shuleni, Akram alikuwa akimtazama kupitia dirishani. Alimwonea wivu kwa ujana wake. Alimwonea wivu kwa sababu magazeti makubwa ya mjini yalikuwa yameanza kumwandika, na kwa sababu wageni walikuwa wakiteremka Kisugu na magari yao kuuliza nyumba yake, na kwa sababu vitu vyake havikuwa na midomo ya kuanguka mvua ikinyesha. Lakini siku moja Arsène alikosea duara, tabaga yake ikapinda kama sikio, na Kulusum akacheka. Akacheka mpaka akajifuta macho. Akram alikuwa mezani, kalamu ikamsimama mkononi. Hakukumbuka mara ya mwisho yeye kumchekesha mkewe hivyo, na tangu dakika ile wivu wake ukapata chumba cha pili.

"Huyo Mkongo wako anamaliza lini?" alimuuliza jioni.

"Si wangu. Na akimaliza utajua."

"Na kigoda changu kiko wapi? Nimekitafuta tangu juzi."

"Kimekwenda kutengenezwa mguu," alisema Kulusum. "Kaa kwenye kiti cha plastiki, hutakufa."

Arsène alimaliza. Maonyesho yake yakafunguliwa katika ukumbi mmoja katikati ya mji, na Akram akavaa koti lake la kaki akaenda. Kulusum aliuliza kama na wake za watu wanaalikwa. Akram akamjibu kwamba yeye anakwenda kazini, hakwendi harusini. Kulusum akarudi kwenye ukindu wake.

Ukumbini kulijaa watu. Sanamu zilikuwa nyingi, ila iliyokusanya watu ilikuwa moja, imewekwa katikati, jina lake *Msukaji*. Ilikuwa mwanamke wa waya, ukubwa wa mtu kamili, ameketi chini akisuka. Mwili wote ulizungushwa kama tabaga, fungu la seng'enge likishonwa kwa shaba, tangu kisigino mpaka utosini. Mguu mmoja ulikunjwa, wa pili umenyooka, na kidole gumba cha mguu ule kimeukandamiza chini mkia wa fungu ili usilegee. Uso haukuwa na macho wala mdomo, duara laini tu. Kichwa hakikuinamia kazi. Shingo ilikuwa imegeuka upande na kuinuka kidogo.

Akram alisimama mbele yake. Ilikuwa nzuri. Aliijua nzuri kama mwenye njaa anavyojua harufu ya jiko la jirani. Ilikuwa kile alichotaka kukifanya alipokuwa kijana, na sasa kilikuwa mbele yake kikiwa na jina la mwingine. Akaanza kutafuta kasoro.

Hatua chache kutoka kwa sanamu palikuwa na kigoda kifupi kilichopakwa rangi nyeusi. Vizuri, akafikiri, angalau wamekumbuka wageni. Akaketi. Kilimpokea vizuri mno. Akatoa karatasi, akaziweka gotini, akainama, akaanza kuandika. Mara akasikia watu wanacheka. Mmoja akapiga picha. Akram hakuinua kichwa, ila aliandika kwa furaha kwamba watazamaji wanaicheka sanamu hadharani.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kulusum amevaa gurbaba mpya, ile shuka ya Kinubi ya rangi ya zambarau, amejifukiza udi, na sinia ya kisra, ile mikate myembamba ya Kinubi, na mchuzi wa bamia imefunikwa mezani.

"Umeonaje?" aliuliza kabla hajavua viatu.

"Takataka," alisema Akram. "Kuna nini leo, tuna mgeni?"

"Hapana," alisema Kulusum. "Hakuna mgeni."

Jumatano ilipofika alitoka na kiti cha plastiki na makala yake. Kulusum alikuwa barazani anasuka tabaga ya harusi, ukindu mwekundu na kijani umemzunguka. Akram akaketi, akainama, akasoma.

"'Mchongaji huyu ana mikono lakini hajui anachokitazama. Mwandishi wa safu hii ana haki ya kulisema hilo, kwa maana anaishi katika nyumba ya tabaga. Ameketi mbele ya msukaji bingwa wa Kibuli tangu alipooa. Nawaambia wasomaji, hakuna msukaji anayebana kazi yake kwa kidole cha mguu. Kazi hubanwa kwa vidole vya mkono. Kidole kile ni uongo uliobuniwa na kijana aliyekaa na wanawake miezi michache akadhani amewajua. Na shingo ile? Ni msukaji gani anayesuka huku ameangalia pembeni? Mwanamke huyu wa waya anatazama nini? Hatazami chochote. Ametazamishwa hewa. Kitu pekee kilichotengenezwa na mtu anayejua kazi mle ukumbini ni kigoda walichowawekea wageni.'"

Lau angeinua macho, kisa hiki kingeishia hapo. Maana mbele yake, umbali wa mkono mmoja, mguu wa kushoto wa Kulusum ulikuwa umenyooka juu ya mkeka, na kidole gumba kimeukandamiza mkia wa majani, kama kilivyoukandamiza kila siku ya ndoa yao. Lakini Akram alikuwa akizipenda sentensi zake. Alisoma mpaka mwisho.

"Unaonaje?"

Kulusum akapitisha sindano mara moja.

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia mpaka macho yakauma."

"Basi ipeleke," alisema.

Akaipeleka. Mzee Otim akacheka, akaipa kichwa cha habari kwa herufi kubwa, ANATAZAMA HEWA, na Jumamosi ikatoka.

Siku hiyo Akram alinunua gazeti, akalibana kwapani, akapanda kilima polepole kama mtu anayesubiri kupongezwa. Alipofika kwa Sharifah, jirani yao wa ukuta mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mbuzi, alikuta baraza imejaa na gazeti limefunguliwa katikati. Wanawake walikuwa hoi kwa kicheko.

"Mwalimu, ssebo, kuja hapa!" aliita Sharifah, akimwita bwana kwa Kiganda. "Hii umeandika wewe, ama kuna mtu anakuchukia?"

"Nimeandika mimi. Kuna nini?"

"Banange! Jamani! Sisi wote tulienda kuona ile kitu Kisugu kabla haijapelekwa mjini. Hata yule wa kuuza makaa alisema, 'Huyu si Mama Zaitun?' Na wewe unaandika eti hakuna mtu anabana na mguu! Kibuli mzima inajua hiyo mguu, Mwalimu. Wewe unalala na hiyo mguu nyumba moja!"

Kicheko kikaanza upya. Akram akasimama pale na gazeti kwapani, na kitu kikaanza kumfungukia kichwani taratibu.

Kidole alikijua. Siyo cha mguu, cha mkono. Walipokuwa wakirudi kutoka Sudan, kabla hawajaoana, Kulusum alianguka kutoka juu ya lori, na kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kikavunjika. Akram ndiye aliyekifunga kwa kipande cha kilemba chake. Hapo ndipo walipojuana. Kidole kilipona kikiwa kigumu, hakikunji. Miaka yote hiyo alijua kwamba mkewe ana kidole kisichokunja, na hakuwahi kujiuliza hata mara moja mtu mwenye kidole kisichokunja anabanaje kazi yake.

Aibu ingemfaa wakati ule. Lakini wivu ulikuwa karibu zaidi, umeizoea njia, ukafika kwanza. Akapiga hatua kubwa mpaka nyumbani.

Kulusum alikuwa barazani. Miguu yake yote miwili ilikuwa imefunikwa kwa leso.

"Ni wewe?" Akram aliuliza.

"Ni mimi."

"Alikuona wapi?"

"Hapa. Mchana, mbele ya Sharifah na wenzake. Ulitaka anione wapi?"

"Kulusum, mwanamume mwingine ameujua mguu wako!"

"Mwalimu, mguu wangu unajulikana na muuza makaa." Hakupandisha sauti. "Yule kijana aliniomba ruhusa kwa adabu. Nilimpa masharti mawili. Asinitie macho, maana mambo ya masanamu nayajua na dini yangu naitaka. Na asikwambie. Nilimwambia, 'Mwache Mwalimu aone mwenyewe, kazi yake ni kuona.' Siku ile nilivaa gurbaba mpya. Nikapika. Nikakaa hapa nikingoja urudi useme, 'Kulusum, nimekuona.'"

Akram akainama kuitazama ile leso.

"Hebu funua nione," alisema.

"Imesharudi Kisugu, nenda ukatazame," alisema Kulusum. "Kule hawafuniki."

Tangu siku hiyo leso haikutoka miguuni Akram akiwa nyumbani. Alisuka mchana Akram akiwa shuleni, na Akram akirudi aliikusanya kazi yake akaingia ndani. Hakumnunia. Alimpa chai, alimuuliza habari za shule, alimkumbusha ampigie simu binti yao Zaitun aliyeolewa Bombo. Ila hakumtazama. Alizungumza na kikombe, na mlango, na bega lake. Hapo ndipo Akram alipogundua kwamba kutazamwa na Kulusum kulikuwa kitu, na kwamba kilikuwa kimekuwapo muda wote, na sasa hakipo. Jumatano aliketi barazani peke yake na karatasi tupu. Akawaza kwamba huko Kisugu kuna mtu anayemwona mke wake kila asubuhi anapofungua karakana, na kwa wivu akaimwaga chai yake chini.

Mwishowe akaenda. Aliteremka kilima kwa miguu, amebeba ugomvi aliouandaa njia nzima.

Maonyesho yalikuwa yamekwisha na sanamu zimerudishwa uani. Arsène alikuwa amechuchumaa akinyoosha waya kwa nyundo. Alipomwona aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Papa Akram, karibu. Nilisoma gazeti yako."

"Umesoma?"

"Nilisoma mara mingi. Hakuna mutu mwingine aliangalia kazi yangu vile. Wengine wanasema tu ni muzuri, ni muzuri. Weye uliona kidole, uliona shingo, uliona kila kitu." Akasita. "Ila mwenyewe hukumuona."

Ugomvi wote aliokuja nao Akram ukabaki na swali moja. *Msukaji* alikuwa pale kando ya ukuta, shingo imegeuka.

"Kwa nini ulimgeuza shingo?"

"Mi sikugeuza, Papa. Ni yeye. Zile jioni nilikuwa nakawia kuondoka, minaona. Weye unasoma, yeye anasuka, anasuka, halafu anainua kichwa, anakuangalia. Weye macho iko ndani ya karatasi. Anakuangalia mpaka unakaribia kumaliza, halafu anarudisha kichwa kwa kazi. Kila Jumatano." Arsène akaonyesha kwa nyundo mahali ambapo uso usio na macho ulielekea. Kigoda cheusi kilikuwa pale. "Na ile si kiti ya wageni. Ile ni ya ndani ya kazi. Mama alinipa, alisema ni weye ulichonga. Mi nilipaka rangi tu. Ile siku ulikuja ukakaa, ukainama, ukaandika. Watu walicheka sana. Walifikiri tulipanga na weye."

Akram alikitazama kigoda. Miguu mitatu, imepinda kidogo kwa nje. Chini ya rangi nyeusi aliuona sasa mkato wa patasi yake mwenyewe, na akakumbuka kwamba katika gazeti zima la Jumamosi ile, sifa pekee aliyoitoa alikuwa amejipa mwenyewe bila kujua. Na akakumbuka jingine lililo baya zaidi. Alikuwa ameketi hapo, mkewe anamtazama, na yeye akaandika kwamba anatazama hewa.

Alitaka kuketi. Alitaka kuketi tena, sasa hivi, bila karatasi. Lakini geti likalia, gari likaingia, na akashuka bwana mmoja mnene mwenye hoteli upande wa Nakawa, aliyekuja kuichukua sanamu, simu sikioni. Alizunguka sanamu mara moja, akasema "Kale, kale", yaani sawa, sawa, kwenye simu, kisha akajibwaga kwenye kigoda, miguu ameitanua.

"Ah! Bwana Mugisho, sasa naelewa! Hii mwanamke ananiangalia mimi!" Akacheka, akapiga goti lake. "Nitaweka kwa bustani. Kila mgeni atakaa hapa, anapigwa picha, mwanamke anamwangalia. Hii ni biashara, ssebo."

Akram alikuwa amewahi kuwaonea watu wivu wa kila namna. Aliwaonea wivu wachongaji, wachoraji, walimu wakuu, hata kinyozi mmoja mwenye bango zuri. Lakini hakujua kwamba wote ule ulikuwa mazoezi tu. Shingo ile iliyoinuka kidogo, miaka yote ya Jumatano zake, ilikuwa imemwelekea mtu huyu mwenye simu. Kesho ingemwelekea mwingine, na kesho kutwa mwingine, wote wakichekelea wakitazama kamera. Akamsogelea.

"Simama," alisema.

"Nini, mzee?"

"Simama hapo, bwana. Hicho kiti kina mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi. Na huyo ni mke wangu."

Mafundi wa gereji ya jirani walikuwa wameshajaa ukutani. Bwana wa hoteli alimtazama Arsène kuona kama ni mchezo. Arsène hakucheka. Yule bwana akainuka polepole, labda kwa kumwogopa mwendawazimu. Akram akainama, akakishika kigoda kwa mguu mmoja, akakiweka begani, akatoka nacho getini.

"Bwana Mugisho, anaondoka na kitu yangu!"

"Muache," alisema Arsène. "Ni yake."

"Sasa huyu mwanamke ataangalia nini?"

Akram alikuwa bado karibu, alilisikia swali. Ni yeye aliyeliuliza kwanza, gazetini, na jibu lake likatoka kwa herufi kubwa. Hakugeuka. Akashika njia ya Kibuli na kigoda begani, mwalimu mzima wa koti la kaki, watu wakimpisha na kumgeukia. Madereva wa boda boda wakapiga honi. Mmoja wao, aliyeyaona ya getini, akampita kwa kasi kupeleka habari, na Akram alipofika juu kilimani alikuta Sharifah amesimama mlangoni akimsubiri apite.

Kulusum alikuwa barazani, kazi mapajani, leso miguuni. Akram akakitua kigoda mahali pake pa zamani. Akaketi. Mikono hakujua aiweke wapi, kwa kuwa haikuwa na karatasi.

"Umeiba kigoda cha watu," alisema Kulusum, akiiambia tabaga.

"Nimechukua changu."

"Ulimwambia mtu asimame."

"Nilimwambia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya gereji nzima."

Kulusum akavuta uzi. Fungu la majani likalegea, kama lilivyolazimika kulegea, kwa maana kidole kile kigumu cha mkono hakikuweza kulishika. Akavuta tena, likalegea tena. Akaiweka sindano chini. Kisha akaitupa leso pembeni, akanyoosha mguu wa kushoto, na kidole gumba kikaukandamiza mkia wa majani pale chini.

Akram akautazama. Kidole kilikuwa kimefanya sugu ngumu kwa upande wa ndani, na ukucha wake ulikuwa umebadilika rangi kwa ukindu wa miaka, mwekundu juu ya kijani. Hakuwahi kuuona. Akautazama mguu, akautazama mkono, akautazama uso, akangoja uinuke umwelekee.

Kulusum alikuwa na duara la kumaliza, na hakuinua kichwa.